Darasa la kahawa la watu wawili Vietnam: yanayofundishwa na ya kuuliza kabla ya kulipa

Mke na mume wakifika Hanoi, Hoi An au Ho Chi Minh City kwa matembezi, mojawapo ya mambo watakayotangaziwa ni darasa la kahawa. Yako ya aina mbili. Kuna la kundi, ambapo wageni wasiojuana hukaa meza moja, na kuna la faragha, ambapo ni nyinyi wawili na mwalimu wenu tu. Mengi huchukua baina ya saa moja na nusu na saa tatu, na kila mmoja hutengeneza vikombe kadhaa kwa mkono wake.

Sisi tuliolelewa na kahawa chungu ya barazani tutauliza: kwani kahawa nayo ni ya kusomewa? Ndiyo, mwalimu akiwa anaijua kazi yake. Lakini kabla ya kutoa pesa ni vyema kujua kinachouzwa, na kwa Muislamu yapo mawili matatu ya kuulizwa mapema.

Kahawa ilivyofika kwao

Jina lina undugu na letu. Sisi tumelitoa kwa Waarabu, qahwa. Wavietnam husema cà phê, neno walilolipata kwa Wafaransa, na Ulaya nayo ililipata kwa njia ya Waturuki kutoka neno lilo hilo la Kiarabu. Miongoni mwa wa mwanzo kujulikana kuinywa kwa mazoea ni masufi wa Yemen katika karne ya 15, wasije wakasinzia kwenye dhikri za usiku.

Mche ulipelekwa Vietnam na wamishonari wa Kifaransa mwaka 1857. Msomaji wa Taita ataona mfanano hapa, kwani Bura nako ni wamishonari wa Kifaransa waliopanda kahawa mwaka 1893. Baadaye njia ziliachana. Kenya ilishika arabika ya nyanda za juu, Vietnam ikashika zaidi robusta katika Nyanda za Kati, na mji uliopata jina kwa kahawa ni Buon Ma Thuot, mkoani Dak Lak. Mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986, yaitwayo Doi Moi, yalifungua njia na mashamba yakaongezeka kwa kasi. Leo Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, nyuma ya Brazil, na ya kwanza kwa robusta.

Robusta ni chungu na nzito, na kafeini yake hukaribia mara mbili ya arabika. Mwenye presha au anayesumbuliwa na usingizi asimalize kila kikombe atakachotengeneza. Kuonja kunatosha.

Somo la kwanza: phin

Msingi wa darasa ni kichujio kidogo cha bati au chuma kiitwacho phin, kinachokaa juu ya kikombe. Kina sahani yenye matundu, kikopo cha kutilia unga, kibati cha kuukandamiza, na kifuniko.

Hutiwa gramu 20 hadi 25 za kahawa. Unga wake ni wa chenga kidogo, si laini kama ule tunaoutia deleni. Kibati hulazwa juu bila kukazwa sana. Kisha humiminwa maji ya moto kidogo tu, ya kulowesha, na husubiriwa kama nusu dakika unga uvimbe. Hapo ndipo kikopo hujazwa maji na kufunikwa. Matone huanguka polepole kwa dakika nne hadi tano.

Mwalimu mzuri atakuonyesha namna ya kusoma matone. Maji yakipita yote kwa dakika moja, unga ni wa chenga mno au kibati kimelegea, na kahawa itakuwa maji matupu. Yakikwama, unga ni laini mno au umekandamiza kupita kiasi.

Vikombe vilivyozaliwa na uhaba

Baada ya phin hufuata vinywaji vyenyewe, na hapa ndipo penye utamu wa darasa, kwa kuwa vingi vina kisa.

Cha kwanza ni cà phê sữa đá, yaani kahawa, maziwa na barafu. Maziwa yake ni yale mazito matamu ya kopo, vijiko viwili au vitatu chini ya kikombe. Maziwa mabichi yalikuwa adimu na joto liliyaharibu upesi, basi kopo lilishika nafasi na halikuondoka tena.

Cha pili ni kahawa ya yai, fahari ya Hanoi. Ilibuniwa mwaka 1946 na Nguyen Van Giang, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya Metropole wakati maziwa yameadimika mjini. Alipiga kiini cha yai badala yake. Mgahawa aliouanzisha, Giang, upo mpaka leo. Kiini hupigwa pamoja na maziwa ya kopo mpaka kiwe povu zito la rangi ya krimu, kisha hulazwa juu ya kahawa ya moto. Kikombe huwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto kisipoe. Kwa kuwa yai haliivi sawasawa, mama mjamzito asinywe.

Cha tatu ni kahawa ya chumvi, iliyoanza mjini Hue mwaka 2010. Ni krimu iliyopigwa na chumvi kidogo, na chumvi ile hupunguza makali ya uchungu. Cha nne hakitamshangaza mpwani: kahawa ya nazi, ambayo ni tui zito, maziwa ya kopo na barafu, vyote husagwa pamoja na kumwagiwa kahawa juu.

Ya kuuliza Muislamu

Kwanza, uchomaji. Wachomaji wa jadi hutia buni siagi na sukari, na wengine huongeza pombe ya mchele. Uliza wazi kahawa yao imechomwa na nini, au omba buni iliyochomwa tupu. Baadhi ya migahawa hutia ramu kwenye kahawa ya yai, basi sema mapema kwamba nyinyi hamtumii.

Pili, kahawa ya fungo, ambayo buni zake humezwa na mnyama kisha zikaokotwa kwenye kinyesi. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 2010 kwamba ni halali zikishaoshwa. Hata hivyo wanyama wengi hufugwa vizimbani kwa dhiki, na kuna bidhaa nyingi za uongo. Unaweza kuipita bila kukosa kitu.

Tatu, swala. Hanoi ina msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwaka 1890. Ho Chi Minh City kuna msikiti wa mtaa wa Dong Du wa mwaka 1935. Panga saa ya darasa ukizingatia adhuhuri na alasiri, hasa Ijumaa.

La faragha au la kundi?

La faragha ni ghali zaidi, lakini lina faida kwa wanandoa. Bi mkubwa anaweza kuomba mwalimu mwanamke, maswali ya halali huulizwa bila haya, na mwenye mkono mzito hasubiriwi na watu kumi. Kabla ya kulipa, uliza vikombe vingapi mtatengeneza wenyewe, kama mtaona uchomaji, na kama phin mtarudi nayo nyumbani. Likiwa ni la kutazama mwalimu akifanya huku mkipiga picha, hilo ni onyesho, si darasa.

Na letu je?

Mwalimu wa Hanoi hana siri kubwa kumshinda muuza kahawa wetu. Ana kichujio cha bati, kopo la maziwa na yai. Kilichomtofautisha ni kwamba ameipanga kazi yake ikawa somo lenye hatua na kisa, akalitilia bei. Sisi tuna buni, kinu, mkaa, tangawizi, iliki, dele na kashata pembeni, na wageni hupita Mji wa Kale na Lamu mchana kutwa. Vijana wanaotembeza wageni wakae na wazee wa madele wawaulize vipimo na moto, na waandike. Wazee hao hawaongezeki.