Kutu ya Kahawa, Kuvu ya Mahindi na Barafu ya Mawinguni: Hoja kutoka Kitale na Bungoma

Mvua ya mawe inapoyararua mahindi ya Trans Nzoia, kinachoanguka ni barafu iliyoundwa juu ya mashamba yaliyo hatua chache kutoka ikweta. Matone safi ya wingu huweza kubaki majimaji hadi karibu nyuzi -38 za Selisiasi. Ili yagande mapema zaidi, huhitaji chembe ya kuanzia, yaani kiini cha barafu. Vumbi la madini limejaa angani, lakini sehemu kubwa yake haifanyi kazi ya maana mpaka baridi ipite nyuzi -15. Je, nani huanzisha barafu kabla ya hapo?

Bakteria Pseudomonas syringae walitambuliwa kuwa viini vya barafu miaka ya 1970. Kuvu walifuata: mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba Fusarium acuminatum na Fusarium avenaceum hugandisha maji kwenye karibu nyuzi -2.5. Hata hivyo, mtu asikimbilie kusema kwamba kuvu ya Fusarium inayoozesha magunzi ya mahindi huko Kitale ndiyo inayoleta mvua ya mawe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliopima spishi 65 za Fusarium, uliona uwezo huo katika takriban asilimia 16 tu ya nasaba zilizojaribiwa. Spora za Cladosporium, ambazo ni nyingi mno hewani, ni dhaifu kabisa katika kazi hii. Kwa hiyo kuhesabu spora bila kuuliza ni za nani ni kazi bure.

Bungoma ina ushahidi ulio karibu zaidi: kahawa ya miteremko ya Elgon, na kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu unaoiandama. Mwaka 2013 Cindy Morris na wenzake walipima spora za kutu, zikiwemo za kahawa kutoka Brazil. Sampuli zote ziligandisha maji, baadhi kuanzia nyuzi -4. Sampuli nyingi za spora zilikuwa na bakteria wa P. syringae, ila bakteria hao walieleza sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Kutu ilikuwa na uwezo wake yenyewe.

Wapinzani wa wazo kwamba kuvu huchangia barafu ya mawinguni wana hoja nzito. Modeli za dunia nzima huipa kuvu mchango mdogo sana wa barafu, nami sina ugomvi na wastani huo. Nina ugomvi na matumizi yake. Wastani wa dunia huchanganya bahari, jangwa na shamba, pia huchanganya nyuzi -5 na nyuzi -25. Kati ya nyuzi -3 na -8, kama Hallett na Mossop walivyoonyesha mwaka 1974, chembe za barafu zinazokua kwa kugandisha matone hutoa vibanzi vinavyozaa barafu nyingine. Hapo viini vichache vinatosha kuanzisha mengi. Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi, na kimo cha nyuzi sifuri katika anga la ikweta huwa karibu mita 4,700; spora inahitaji kupanda kilomita nne, zaidi kidogo au pungufu, kufika nyuzi -5. Ni kweli spora za kutu ni kubwa na huzama upesi, lakini huzama kwa sentimita chache kwa sekunde, ilhali mkondo wa wingu la radi hupanda kwa mita kadhaa.

Kericho inatupa onyo. Mwaka 1982 Schnell na Tan-Schnell walionyesha kwamba majani makavu yaliyorundikana chini ya michai ni chanzo cha viini vya barafu. Ni ugunduzi mzuri, ila chai ilipandwa palepale ambapo upepo wa Ziwa Viktoria hukutana na nyanda za juu, na mawingu mazito yangejengeka hata bila jani moja la chai. Elgon ina tatizo hilohilo.

Ndiyo maana vichujio vya hewa vinapaswa kuwekwa Kitale na Kimilili, huko Bungoma, kabla ya mawingu ya alasiri na wakati yanapojengeka. Lakini kipimo cha kawaida cha kuchemsha sampuli hakitoshi. Kuchemsha huharibu protini, na kinachobaki huhesabiwa kuwa madini. Majaribio ya Morris yanaashiria kwamba uwezo wa kutu unatokana na polisakaridi, na polisakaridi huenda ikastahimili moto huo. Bila kuongeza haidrojeni peroksaidi, inayounguza mabaki yote ya viumbe, kutu ya kahawa itaandikwa kwenye safu ya vumbi.