Shairi la Padri Mohr na Sauti Yake

Kila Noeli wimbo wa Usiku Mtakatifu unaimbwa katika parokia zetu, na wengi hufikiri ya kwamba ulizaliwa kama wimbo. Sivyo, wandugu. Ulizaliwa kama shairi. Joseph Mohr, aliyepewa upadri mwaka 1815, aliyaandika maneno yake kwa Kidachi mwaka 1816 huko Mariapfarr, kijiji cha milimani katika inchi ya Salzburg. Nakala ya mkono wake, iliyotambuliwa mwaka 1995, yautaja mwaka ule wazi. Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya Arnsdorf, alitunga sauti tarehe 24 Desemba 1818, na usiku ule wakaimba wawili kwa gitaa huko Oberndorf. (Habari ya panya waliotafuna orga haimo katika maelezo ya Gruber mwenyewe ya mwaka 1854. Tuwaachie watoto.)

Basi maneno yalitangulia sauti kwa miaka miwili, na sauti iliyafuata maneno. Tusikilize umbo lao. Kuna beti sita, na kila mmoja wafunguliwa na maneno yale yale. Mstari wa kwanza unakwenda hivi: silabi nzito, nyepesi, nzito. Katika ubeti wa kwanza kila mstari waishia neno la silabi moja tu, lenye mkazo. Vina vyaanza na «a» fupi, vyapita «a» ndefu, vyafika «u» ndefu: mdomo wafunguka, halafu wafunga polepole, kama wa mama anayebembeleza mtoto. Mstari wa mwisho warudiwa. Gruber alilisikia jambo hilo: mara ya kwanza anapanda mpaka noti ya juu kabisa, mara ya pili anashuka mpaka ya chini kabisa.

Hapo ndipo shida yetu. Kiswahili chaweka mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho; Kidachi cha Mohr chauweka mwishoni mwa mstari. Chukueni neno «usiku». Sisi twasema u-SI-ku, lakini sauti ya Gruber yatulazimisha kuimba U-si-KU. Mtu wa kijijini aijua lugha yake, naye asikia kitu kilichovunjika, hata asipoweza kukieleza. Anayetafsiri asihesabu silabi tu. Noti ya mwisho ni ndefu; yaweza kugawanywa mbili, silabi ya mkazo ikae juu ya nusu ya kwanza na ile nyepesi ifuate. Kwa shauri letu ni afadhali kuigawanya noti kuliko kulivunja neno.

Tena mahali pengi huimbwa beti tatu tu, ya kwanza, ya pili na ya sita. Ya inne inasema ya kwamba Yezu anayakumbatia mataifa yote ya dunia kama ndugu. Mohr aliyaandika hayo mwaka mmoja baada ya vita vya Napoleon kwisha, katika inchi iliyobadilishwa mabwana mara nyingi. Ubeti ule nao wangoja mtafsiri.