Orodha ya Benaco

Tarehe 28 Aprili 1994 daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, lilifurika watu. Kwa makadirio ya UNHCR, ndani ya siku moja hivi watu 250,000 kutoka Rwanda waliingia Ngara na kutua Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni ndugu, hivyo kijana wa Ngara mwenye Kiingereza cha kuombea maji alipata kibarua cha ukalimani. Nami nikapata.

Chakula kilikuja kwa reli hadi Isaka, kisha malori yakapitia Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi kwetu. Wakimbizi walipangwa komini kwa komini, yaani kwa maeneo ya utawala waliyoishi kwao, na mkuu wa komini ndiye aliyeshika orodha na kupokea magunia. Ukitazama kutoka ghalani, mpango ulipendeza: saini chache, lori linageuka mapema. Ukitazama kutoka mwisho wa foleni, mama mwenye watoto watatu anakinga kitenge, anamiminiwa mahindi yasiyofunika hata maua ya kitambaa. Akihoji, anaambiwa jina lake halionekani.

Tena baadhi ya wakuu hao walikuwa wameongoza mauaji ya kimbari huko Rwanda, na sasa mahindi yakawapa utawala upya. Juni 1994, ilipojaribiwa kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuongoza komini ya Murambi, umati wa maelfu uliwatishia wafanyakazi wa misaada. (Mahakama ya kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2011, rufaa ya 2012 ikampa miaka 40.) Kwa kupinga hali hiyo, mwishoni mwa 1994 shirika la madaktari la MSF, tawi la Ufaransa, lilifungasha virago.

Baadaye mgao ulishushwa hadi vikundi vidogo vya kaya. Foleni zikarefuka, saini zikaongezeka, watu wa ghala wakanung'unika. Kwangu huo ndio ulikuwa usanifu, japo haukuwa na cha kupigia picha.

Siku hizi nasanifu programu za simu. Majuzi vijana wangu walinionyesha ya kugawa mbolea: rangi tamu, vitufe vinne tu, na mwenyekiti wa kijiji ndiye anayethibitisha kila jina. Nikawauliza, mkulima aliyegombana na mwenyekiti atabonyeza wapi? Wamerudi mezani, na kitufe cha tano bado wanakibishania.