Waliokwenda Moscow kwa Njia ya Nile

Mwaka 1959, mwanasiasa Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 kutoka Kenya hadi Marekani kwa ndege, safari yao ilivuma magazetini. Walioelekea Ulaya Mashariki miaka iliyofuata waliondoka kimya kimya, wengi kwa kujificha. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kumpa pasipoti kijana anayetaka kwenda Moscow. Hata mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga alinyang'anywa yake mwaka 1960, aliporudi kutoka Urusi na China.

Basi wakatafuta njia ya panya. Walivuka Uganda hadi Juba, wakapanda meli ya mtoni kuteremka na Nile, kisha treni mpaka Khartoum, na kutoka hapo Cairo. Nauli ilikuwa ya kuungaunga, na kuna waliokwama njiani. Huko Cairo, katika mtaa wa Zamalek, Rais Nasser wa Misri alikuwa amevipa ofisi vyama vya ukombozi, na ndiko ufadhili ulikotafutwa. Ukipata Leipzig, unakwenda Leipzig. Ukipata Sofia, hewala.

Waliofika Moscow walikuta Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa Februari 1960. Mwaka mmoja baadaye kilipewa jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyekuwa ameuawa Januari. Kwanza ni lugha: aliyefaulu mitihani ya Cambridge alianza upya kujifunza herufi, maana kemia na anatomia zilimsubiri kwa Kirusi. Posho ilikuwa rubli 90 kwa mwezi, kiasi ambacho mwanafunzi Mrusi hakukiota, na nadhani sehemu ya chuki waliyokutana nayo mitaani ilianzia hapo. Sehemu tu, lakini. Rangi nayo ilikuwamo.

Tarehe 18 Desemba 1963, baada ya mwanafunzi Mghana, Edmund Assare-Addo, kukutwa amekufa nje ya jiji, mamia ya Waafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu. Serikali ilisema alilewa akaganda kwa baridi. Wenzake walisema ameuawa. Bango moja liliifananisha Moscow na Alabama, tusi zito kwa nchi iliyokuwa ikijigamba kuwa haina ubaguzi.

Nyumbani Kenya nako mambo hayakuwa mepesi. Odinga alipojitoa katika chama tawala cha KANU mwaka 1966 na kuunda chama cha upinzani cha KPU, shahada ya Moscow ilimtia mwenye nayo mashakani: ni daktari, au ni mtu wa Jaramogi?

Chuo chenyewe kiliondolewa jina la Lumumba mwaka 1992. Kilirudishiwa mwaka 2023, Urusi ilipoanza tena kuitafuta Afrika.