Bogenvilia: Ua Linalopenda Kiu

Ukiteremka kutoka milima ya Upare hadi Nyumba ya Mungu, kijani kinakatika ghafla. Juu, Shengena, msitu hushinda na ukungu. Huku chini ni migunga, upepo na vumbi, na lile bwawa la mto Pangani lililojengwa miaka ya 1960 na kutoa umeme wa megawati 8. Anayetaka ua la kupanda ukuta huku bondeni asihangaike na haidranjia ya kutambaa ya Japani, ambayo hujishikiza kwa vimizizi na hutaka udongo wenye unyevu. Apande bogenvilia.

Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 1766 nahodha Louis Antoine de Bougainville aliondoka Ufaransa kuizunguka dunia. Mwaka uliofuata meli zake zilifika Rio de Janeiro, na huko mtaalamu wa mimea wa msafara, Philibert Commerson, akaupata mmea huu na kuupa jina la mkuu wake. Lakini Commerson alikuwa akiuguza kidonda cha mguu. Aliyembebea mizigo na kumkusanyia mimea ni msaidizi wake, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa katika meli za kivita za Ufaransa. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba tawi lile lilichumwa na Baret. Nami naamini hivyo. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia, na bado ilibidi ifike mwaka 2012 ndipo mmea mmoja wa jamii ya nyanya, Solanum baretiae, ulipopewa jina lake. Alikuwa amefariki mwaka 1807.

Afrika Mashariki bogenvilia ilipata mlezi mkubwa Nairobi, Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za jiji baada ya Vita Kuu ya Pili, aliyeipanda kandokando ya barabara kuu.

Chuma kishada kimoja ukitazame. Yale matatu mekundu, mepesi kama karatasi, ni majani. Maua yenyewe ni vile vijineli vyeupe vya katikati. Na hayaji kwa kumwagiwa maji kila jioni. Maji yakizidi, mmea hurefusha matawi na kusahau kuchanua. Udongo ukikauka kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, ukuta wote huwaka rangi. Samadi nayo iwe kidogo.

Otesha kwa kipande cha tawi lililokomaa, mahali penye jua tangu asubuhi. Wakati wa kuhamisha mche, chana mfuko taratibu, udongo usipukutike, kwani mizizi yake hukatika upesi. Ufunge kamba ukutani, maana hauna vikono vya kujishikia, una miiba tu, miiba ambayo mbuzi wa jirani huiheshimu. Maua yakishapukutika, kata matawi. Maua mapya hutokea kwenye machipukizi mapya.