Slaidi za Stereo Realist, kuziweka kidijitali
Ni kazi ya kuhamishia kwenye kompyuta picha pacha za kuonyesha kina zilizopigwa kwa Stereo Realist, kamera iliyobuniwa na Seton Rochwite na kuuzwa na kampuni ya David White ya Milwaukee, Marekani, kuanzia 1947 hadi 1971. Kila slaidi hubeba picha mbili za filamu ya milimita 35, moja ya jicho la kushoto na nyingine ya jicho la kulia.

Nyumbani hutumika skana bapa yenye taa kwenye kifuniko, au kamera yenye lenzi ya makro, slaidi ikiwa juu ya ubao wa mwanga. Njia ya pili ni ya haraka zaidi. Kazi ngumu ni kulinganisha picha hizo mbili: moja ikipanda kidogo kuliko mwenzake, macho huchoka, na pande zikibadilishana, cha mbele huonekana kiko nyuma. Slaidi nyingi za enzi hizo ni za Kodachrome, filamu inayotunza rangi vizuri gizani lakini inayovuruga mfumo wa skana wa kufuta vumbi kwa miale ya infraredi. Heri kulipuliza vumbi hilo kwa pampu ya mkono kabla ya kuanza.