Kupona kwa Taya: Historia ya Upasuaji wa Pumzi Inayokatika Usingizini

Upasuaji wa kusogeza mataya hufanyiwa mtu ambaye koo lake hujifunga akilala, pumzi ikakatika mara nyingi kila saa, na asubuhi akaamka na uchovu uleule aliolala nao. Taya la juu na la chini hukatwa, husogezwa mbele kwa takriban milimita 10, kisha hukazwa mahali pake papya. Ulimi na kaakaa laini hushikiliwa na mifupa hiyo, hivyo navyo hufuata, na njia ya hewa iliyo nyuma yake hupanuka. Historia ya tiba hii husimuliwa zaidi kwa upande wa kisu, ilhali kilichoichelewesha hasa ni namna ya kumponya mgonjwa baada ya kukatwa.

Kukata taya kulianza zamani, kabla ya ugonjwa wenyewe kutambuliwa. Mwaka 1849 Simon Hullihen, mpasuaji wa Wheeling, Virginia, alirekebisha taya la chini la mwanamke kijana lililoharibiwa umbo na kovu la moto. Mwaka 1901 René Le Fort wa Ufaransa alieleza mistari ambayo mifupa ya uso huvunjikia inapopigwa. Mstari wa chini kabisa, upitao juu ya mizizi ya meno, ndio wapasuaji waliokuja kuufuata walipotaka kulitenga taya la juu. Hatua kubwa zaidi ilitoka kwa Hugo Obwegeser, aliyefanya kazi Graz pamoja na Richard Trauner kisha Zürich. Katika miaka ya 1950 alibuni njia ya kulipasua taya la chini kwa ubapa wake, akipitia ndani ya kinywa, ili vipande viteleze huku vikiendelea kugusana kwa eneo pana. Mfupa uliogusana hivyo huunga vizuri, na usoni hakubaki kovu. Baadaye William Bell wa Texas alionyesha kwa majaribio ya nyani kwamba taya la juu likitenganishwa na fuvu huendelea kupata damu kupitia nyama za kaakaa na fizi. Kabla ya hapo, hofu ya mfupa kufa iliwazuia wengi kuligusa.

Hata hivyo, wakati huo kupona kulikuwa kifungo. Ili mifupa isicheze, meno ya juu yalifungwa kwa waya na ya chini kwa wiki sita hadi nane. Mgonjwa aliishi kwa uji mwepesi, supu na maziwa, vikipitishwa kwa mrija au bomba la sindano kando ya meno. Alikonda, alisema kwa meno yaliyobanana, na koleo la kukatia waya liliwekwa karibu naye asije akatapika na kupaliwa. Kwa kijana mwenye koo zima hayo yalikuwa mateso ya kuvumilia. Kwa mtu ambaye hewa humpita kwa shida, tena ulimi na koo vimevimba kwa upasuaji, yalikuwa hatari ya kifo.

Ugonjwa wa kukatika pumzi ulielezwa mwaka 1965, na Henri Gastaut na wenzake huko Marseille na, kwa upande wao, Richard Jung na Wolfgang Kuhlo wa Freiburg. Tiba ya kwanza ya uhakika ilikuwa kutoboa koo chini ya kikwazo. Ilifanya kazi, lakini ilimwachia mtu tundu la kutunzwa maisha yake yote. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney alitangaza mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, na hadi leo hiyo ndiyo tiba inayotangulia. Upasuaji ukabaki kwa walioshindwa kuizoea barakoa. Huko Stanford, California, Robert Riley na Nelson Powell, wakishirikiana na Christian Guilleminault, waliukuza katika miaka ya 1980.

Kilichowawezesha ni chuma kidogo. Hans Luhr na Bernd Spiessl, na Maxime Champy huko Strasbourg, walikuwa wameonyesha kuwa taya laweza kukazwa kwa mabamba na skrubu, baadaye za titani, zinazoshika mfupa kwa ndani. Waya ukapisha mipira midogo ambayo mkasi huikata mara moja, na kinywa kikaweza kufunguka mapema.

Hata hivyo, mabadiliko hayo hayakufanya kupona kuwe rahisi. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na mgonjwa hulala kichwa kikiwa juu. Hukatazwa kupenga kamasi, kwa kuwa mkato wa taya la juu hufungua uwazi ulio kando ya pua. Vyakula vya maji hufuatwa na vilaini, na kutafuna husubiri wiki kadhaa mfupa uunge. Ganzi ya mdomo wa chini na kidevu ndiyo hudumu zaidi, maana neva yake hupita ndani kabisa ya taya linalopasuliwa. Kwa wengi hupungua kwa miezi, kwa baadhi haiishi.

Uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya wagonjwa 627 ulionyesha wastani wa vipindi vya pumzi kukatika au kupungua ukishuka kutoka karibu 64 kwa saa hadi chini ya 10. Kwa kila mgonjwa, kipimo cha usingizi hurudiwa baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa kikifanywa mapema hupima uvimbe pamoja na mfupa.